Paka Niliyekupa Bila Kukuuliza

Chumba cha matangazo,
Stesheni kuu,
Jumamosi asubuhi.

Mpenzi mdogo wangu Mwangwi,

Kwanza kabisa, kaa chini. Nakujua vizuri. Una tabia ya kusomea barua mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, halafu unasema umeshaisoma kumbe umechungulia mwanzo na mwisho tu. Hii si ya kuchungulia. Vuta kiti, jimiminie chai, ndipo uendelee.

Salamu nakutumia kadiri bahasha ilivyoweza kubeba. U hali gani, mwenzangu? Mgongo je, ule uliokuwa unakusumbua ukiinama sana kwenye cherehani? Na yule bosi wako mwenye kununa, bado ananuna? Sisi huku ni wazima, tukiliweka kando hilo nitakalokueleza. Shemeji yako hajambo, anakusalimu, na bado anakoroma kiasi kwamba jirani wa ukuta wa pili asipomsikia usiku mmoja, asubuhi huuliza kama kasafiri. Mama naye hajambo. Macho ndiyo hivyo tena, hayakurudi, kama nilivyokwambia mwaka jana, lakini masikio yake sasa yanasikia hata unachokifikiria. Mama mdogo yuko naye pale pale nyumbani, na bado wanagombana kuhusu chumvi.

Utajiuliza imekuwaje nikaandika barua kama watu wa zamani ilhali simu ninayo. Ningekutumia ujumbe, ungenijibu kwa vile vikatuni vyako vya kucheka na kulia, na mazungumzo yangeishia hapo. Sababu kubwa ni kwamba daktari amenikataza kusema ovyo. Keshokutwa, Jumatatu, napasuliwa koo. Usishtuke, hawachinji shingo. Ni huko ndani, kwenye nyuzi za sauti, ambako kumeota kinundu. Daktari anasema kinundu chenyewe hakiniui. Lakini baada ya hapo nitakaa kimya wiki kadhaa, hata mnong'ono ni marufuku, na sauti itakayorudi, kama itarudi, huenda isiwe hii uijuayo. Na yupo mtu mmoja ambaye hapati usingizi mpaka asikie sauti hii. Unamjua. Ni kwa ajili yake nakuandikia.

Naandika nikiwa kibandani kwangu, juu ya dirisha la tiketi. Ulikiona mara moja ulipokuja kunitembelea, ukasema ni kama kabati lenye dirisha. Hakijabadilika. Kiti kimechanika upande wa kushoto kwa sababu ndiko ninakoegemea kuchungulia behewa la mwisho. Birika la maji ya moto liko pale pale, na kipaza sauti bado nimekivika soksi ya mtoto ili kisivume nikipumua. Kazi hii imeniharibu, Mwangwi. Siku hizi nasema kila kitu mara mbili. Juzi nilimwambia shemeji yako chakula kiko mezani, narudia, chakula kiko mezani, naye akaniuliza kiko njia namba ngapi. Nikienda sokoni nikisema tu naomba vitunguu, watu wanageuka, na wengine wanakumbatia mizigo yao bila kujua kwa nini. Na kichekesho chenyewe ni kwamba kutwa nasafirisha watu kwa mdomo, nawapeleka mashariki na magharibi, nawatakia safari njema, kisha mimi narudi nyumbani kwa miguu.

Labda ni kwa sababu safari zangu nilizimaliza utotoni. Unakumbuka zile nyumba za reli? Baba akipata uhamisho tunafunga kila kitu, tunapanda, tunashuka stesheni nyingine, na nyumba ni ile ile. Rangi ile ile, mlango unaogoma mahali pale pale, bomba la maji upande ule ule, hata ukiamka gizani unajua pa kuweka mguu. Kilichobadilika ni mlima wa dirishani tu. Wewe asubuhi ya kwanza ulikuwa unafungua dirisha na kuuliza mlima wetu wameupeleka wapi. Mama alikujibu kwamba umebaki kwa sababu haukuwa na tiketi.

Na unakumbuka sheria ya Baba, kwamba mizigo yetu yote itoshe nusu behewa na hakuna mnyama anayepanda? Mimi nilikuwa nalilia paka kila tulipohamia. Wenzangu walitaka mwanasesere, mimi nilitaka paka. Mara ile nikamficha mmoja, wa kijivu, ndani ya sanduku la bendera za Baba, akatoka katikati ya safari akiwa na hasira za kufungiwa. Baba alisema baadaye kwamba katika miaka yake yote ya ugadi, ya kupuliza filimbi na kupunga bendera behewa la mwisho, hajawahi kusikia filimbi kali kama ukelele wako siku ile. Ulipanda juu ya magunia, ukapanda juu ya kabati, na kama behewa lisingekuwa na paa ungepanda mbinguni. Paka akashushwa stesheni iliyofuata, akapewa mke wa mpiga kengele, na mimi nikalia mpaka tukafika. Wewe ulikataa kushuka kabatini mpaka Mama akuthibitishie kwa jina la Baba kwamba yule mnyama hayumo tena. Hilo la paka nakuomba ulishike, tutarudi kwake.

Jina lako la Mwangwi lilitoka kwa Mama, nadhani unalijua hilo. Nikisema neno, na wewe unalisema, kwa sauti ile ile, kana kwamba nyumba ilikuwa na ukuta unaojibu. Mimi akaniita Kipaza kwa sababu ya makelele. Akiuliza kutoka jikoni nani kavunja kikombe, sauti ikijibu "si mimi" hakujua ni ya nani, akatuamuru tujitokeze wote wawili ndipo achague wa kumgombeza. Alama moja tu alikuwa nayo: wewe unacheka kwanza ndipo unasema. Hata ukiwa na kosa, kicheko kinatangulia. Mimi nasema kwanza, kicheko kikija ni baadaye, kama kikija.

Lakini jioni za Baba kwenda kazini hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anaketi kwenye kile kiti cha mbao karibu na mlango, mikono mapajani, vyombo havijaoshwa, mpaka mtu wa stesheni apite nje na kusema gari limeondoka. Kwetu sisi watoto wa reli treni ni gari tu, hatuna jina lingine. Akishasikia limeondoka salama, Mama anaosha vyombo, anatufunika, analala. Asipolisikia halali. Na leo hii Baba hayupo, ila gari ni lile lile la jioni na kiti ni kile kile, naye bado anangoja. Ndiyo maana kila siku gari likishatoka nampigia. Hapokei kwa halo. Anapokea kwa kuuliza, "Limeondoka?" Namwambia limeondoka, Mama. Anasema haya, ananiuliza nimekula nini, analala. Mama mdogo aliwahi kumwambia kwamba mume haendi tena na gari hilo, sasa anangoja nini. Akamjibu kwamba hilo anajua, hajachanganyikiwa. Hangoji mtu, anangoja neno.

Basi fikiria hali yangu siku sauti ilipokatika. Nilikuwa natangaza gari la mchana, nimefika mahali pa kusema abiria wote, mara sauti ikapanda ikawa kama ya jogoo anayejifunza, halafu ikazimika kabisa. Stesheni nzima iliangua kicheko. Hata mimi ningecheka kama koo lingekuwa la mtu mwingine. Mkuu wa stesheni, yule bwana asiyeweza kusalimia bila kutazama saa yake, alipanda ngazi mwenyewe kuniletea maji, na alipoona nalia alinipa leso yake na kusahau kutazama saa. Nilikunywa tangawizi, nikanywa asali, nikasukutua maji ya chumvi, sauti ikawa inakuja na kuondoka kama umeme. Mwishowe nikaenda hospitali, wakanipitisha kijibomba chenye taa puani, daktari akaniambia hilo nililokwisha kukwambia.

Kazini hawakunitupa. Mkuu alileta fundi na mashine, nikakaa siku nzima nikisoma majina ya miji yote, namba zote, saa zote. Nimeomba radhi kwa ucheleweshaji wa kila aina, hata ambao bado haujatokea. Sasa mashine inabonyezwa kitufe, inatangaza kwa sauti yangu ya zamani, nzuri, iliyonyooka, na mimi nimekaa pembeni yake nakuandikia. Hivi sasa imewaambia watu wasogee nyuma ya mstari. Nimesogea na mimi.

Shemeji yako aliposikia hayo akapata wazo, na wazo la shemeji yako ukilikataa ananyamaza siku mbili. Akasema tumrekodie na Mama neno lake, limeondoka, awe analibonyeza yeye simuni kila jioni. Tukafanya mazoezi. Yeye akawa Mama, kajifunga na shuka langu kichwani, kaketi kwa heshima zake, mimi nimeshika mashine. Akauliza limeondoka? Nikabonyeza, ikasema limeondoka, Mama. Vizuri. Akauliza umekula? Nikabonyeza kitufe si chenyewe, mashine ikamwambia ashike mizigo yake na asiongee na watu asiowajua. Tulicheka mpaka koo likaniuma, nikakumbuka kwamba hata kucheka nimekatazwa. Baada ya hapo nililia kidogo jikoni, na wazo tukaliacha.

Kumwambia Mama ukweli sikuthubutu. Wewe hukuwepo siku alipotoka kwenye upasuaji wa macho. Aliingia akiwa anaona ukungu, akatoka akiwa haoni kitu. Tangu hapo ukitaja neno kupasuliwa mbele yake, hata kama ni la mtu wa redioni, anaamuru redio izimwe. Nikasema nikimwambia na mimi napasuliwa, ataniona nimeshakufa. Ndipo nikakufikiria wewe. Nani mwingine duniani ana sauti yangu? Nikasema nitamwomba Mwangwi ampigie Mama kila jioni, ajifanye mimi, aseme limeondoka. Neno moja tu.

Najua unavyoniangalia sasa hivi kupitia karatasi. Najua pia kwamba hujasema neno na Mama tangu ile siku. Sijasahau, na wala sikutaka kupita juu yake kana kwamba haikuwepo. Baba amekufa, mvua imesomba reli, gari lako limekwama porini siku mbili na wewe ndani yake. Mimi niliyekuwa najua njia imekatika nilimweleza Mama mara tatu, lakini siku hiyo Mama hakuwa na mahali pa kuweka maneno ya mtu. Ukafika tumeshazika. Umesimama mlangoni na mkoba mkononi, matope mpaka magotini, na Mama mbele za watu wote akakuuliza umekuja kumzika nani. Nilikuona ulivyogeuka. Hukuweka hata mkoba chini. Nilikukimbilia mpaka stesheni, ukaniambia nirudi kwa mama yangu. Mama yangu, ulisema, si mama yetu. Gari lile lile lililokuleta likakurudisha. Hukukosea kuumia, Mwangwi. Neno lile lingemwumiza hata asiyekuwa na moyo.

Sasa ile chai iweke chini, isije ikakumwagikia. Ninalo jambo ambalo nilipaswa kukwambia zamani.

Mama amekuwa akiongea na wewe kila Ijumaa.

Ilianza alipotoka hospitali. Alikuwa amegeukia ukutani, hali, hanywi, na alichokuwa anasema ni kimoja tu: kwamba siku ile Mwangwi aliposimama mlangoni macho alikuwa nayo lakini hasira zilimziba hakumtazama, na sasa hata akija hatamwona. Alisema hivyo asubuhi, akasema mchana, akasema jioni. Nilikupigia, unakumbuka, nikajaribu kukuambia, ukaniambia tuzungumze habari nyingine. Tukazungumza bei ya vitambaa. Nilipokata simu nikakaa hapa kibandani, nikatazama ile njia inayokuja kwenu, na kabla akili haijanirudia nimeshampigia Mama mchana wa saa nane, saa ambayo si yangu, nikacheka kwanza, nikasema, "Mama, ni mimi, Mwangwi."

Jioni ile Mama alikula. Alikula bakuli zima la supu, mama mdogo akanipigia kunieleza kama mtu anayetangaza ushindi. Sasa ungekuwa wewe ungeacha? Ijumaa iliyofuata nikapiga tena. Mama haoni namba, na mama mdogo saa hizo huwa kaenda sokoni. Saa nane mimi ni wewe, saa moja na nusu mimi ni mimi. Na hiyo ya jioni ndiyo ilikuwa kazi, kwa sababu Mama alikuwa ananihadithia mimi habari zako nilizomwambia mwenyewe mchana, na mimi naitikia enhe, ah, weee, kumbe!

Kwa hiyo kuna mambo yako usiyoyajua. Mapazia yako ni ya bluu. Bosi wako ameacha kununa, amekuongezea cheo, hongera. Uliwahi kuteleza kwenye ngazi ukaumia kifundo, ila ulipona haraka sana kwa sababu Mama alianza kutaka kukuletea dawa na mimi nikajuta. Na una paka. Wa kijivu, jike, analala juu ya cherehani yako ukiwa kazini. Samahani, Mwangwi. Siku hiyo nilikosa la kusema, paka akanitoka mdomoni. Baada ya hapo ikawa Ijumaa haiishi Mama hajamwuliza, anakula nini, amezaa, amekua, na mimi nilikuwa namjibu kwa raha zangu. Kusema kweli nilikuwa nampenda yule paka.

Hayo ni ya kucheka. Hili si la kucheka. Kila Ijumaa, kabla hajakata simu, Mama alisema nisamehe, mwanangu, kwa lile neno la mlangoni. Na mimi kwa sauti yako nilimjibu kwamba yamekwisha, nimeshasahau. Kukupa paka ni utani. Kumsamehe mtu kwa niaba yako, bila kukuuliza, kwa jeraha ambalo si langu, hiyo haki sikuwa nayo. Kila nilipolitamka lile neno nilijiona mwizi. Na kila nilipotaka kuacha nilikumbuka ile supu. Nakuomba radhi, tena si ile ya kurekodi.

Sasa unaona kinachonikosesha raha tangu daktari aniambie nikae kimya. Nikinyamaza mimi, tumenyamaza wawili. Jioni moja tu Mama anapoteza watoto wake wote, na hajui kwa nini. Kwa hiyo barua niliyokuwa nimeipanga kichwani ilikuwa ya kukuomba upige jioni ujifanye mimi, na Ijumaa upige ujifanye wewe. Ndiyo, ujifanye wewe, na hayo ya paka ulikuwa uyajue ili usije ukajichanganya. Ningekutumia hiyo, lakini jana ilikuwa Ijumaa.

Nilipiga saa nane kama kawaida. Sauti ilikuwa inakwaruza, nikacheka kile kicheko chako, kikatoka kama mtu anayesafisha bomba. Nikajitetea kwamba ni mafua, vumbi la vitambaa. Mama akasema pole. Akauliza paka hajambo? Nikasema hajambo, amenenepa. Kisha akasema taratibu kwamba jambo hili linamshangaza, maana Alhamisi jioni Kipaza alikuwa na mafua, na leo Mwangwi aliye mji wa mwisho wa reli ana mafua, na wote wawili wanakohoa katikati ya neno lile lile. Akasema tena kwamba Mwangwi wake, kuliko kulala nyumba moja na paka, angelala juu ya paa kwenye mvua. Halafu akauliza, "Kipaza, mwanangu, unaumwa nini?"

Nikamwambia yote, Mwangwi. La koo, la Jumatatu, la kwako, yote, huku sauti inakatika na machozi yanaingia mdomoni. Nilidhani atakata simu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza daktari ni mwanamke au mwanamume, akauliza nitalala huko siku ngapi, akasema amepofuka macho, hakupofuka akili, na kinachomtisha yeye si kisu, ni watu kumnong'onea nyumbani mwake. Akaniambia niende nikapasuliwe.

Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu Ijumaa ya kwanza. Kicheko kilitangulia sawa, lakini nilipumua kwanza kabla ya kukitoa, kama mtu anayejiandaa kutangaza. Paka alipokuja ndiyo akacheka mwenyewe baada ya kukata simu, kwamba Kipaza hatimaye kajipatia paka wake. Na ile supu? Akasema aliila kwa sababu aliona kama mtoto mmoja anafanya kazi ya watoto wawili, asimwongezee na kazi ya msiba.

Basi nikamwuliza la mwisho, kwamba kama alijua ni mimi, ule msamaha wa kila Ijumaa alikuwa anamwomba nani. Akasema katika maisha yake hakuwahi kumwomba mtoto msamaha, na hakujua neno hilo linashikwa wapi. Mara ya kwanza lilimtoka kama amri. Ya pili akajitetea katikati. Akaona heri ajifunzie kwangu, ili siku Mwangwi akipiga mwenyewe asije akakosea tena mbele yake. Na majibu yangu je? Akasema aliyasikia, akanishukuru, ila hakuyahesabu, kwa sababu si mimi niliyekuwa mlangoni na matope magotini. Akasema sasa anadhani anaweza kulisema sawasawa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikuombi ujifanye mimi. Sikuombi hata umsamehe. Lile neno nililolitumia ovyo nakurudishia, ni lako, ulitoe au ulifungie kabatini. Nimemwambia Mama kwamba Jumatatu jioni sitapiga na asingoje. Akasema anajua, ila ataketi tu pale kitini na simu yake mapajani, maana kiti ni chake na simu ni yake na hakuna wa kumkataza. Mama akishakata shauri unajua mwenyewe.

Barua hii nampa mhudumu wa behewa la chakula wa gari la leo jioni, yule mama mnene mwenye meno ya dhahabu. Atakufikishia kesho kabla ya mchana, na ameniapia hataifungua ingawa naona inamwasha. Shemeji yako anasema nikusalimu tena, na kwamba akija kukutembelea atataka kumwona huyo paka. Wasalimie wenzako wa cherehani. Huo mgongo uwekee maji ya moto, usiufanyie ushujaa. Nami uniombee, nikiamka Jumatatu nitakuwa nakuwaza ingawa sitaweza kusema.

Gari la jioni linatoka saa moja na robo, na robo saa hivi baadaye Mama huwa ameshaketi. Namba ni ile ile ya siku zote. Ukipiga, usihangaike kutafuta la kuanzia, kwa sababu yeye ndiye anayeanza, na hana halo. Atakuuliza limeondoka? Wewe cheka kwanza kama kawaida yako, kisha umwambie hapana, Mama. Mwambie lilichelewa njiani, lakini limefika.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kipaza
(wa kunyamaza kuanzia Jumatatu)